Mashua Iliyoshuka na Kabichi

Mashua ile niliikuta imejaa kuku. Nilikuwa nimepeleka mapazia kwenye shamba moja upande wa Irente, mapazia ya nyumba ya wageni, kwa kuwa Wazungu walikuwa wameanza tena kuja kutembea milimani. Mvua ikanyesha, na mlinzi wa shamba akanikaribisha bandani nisilowe. Humo ndani, kati ya magunia matupu na jembe la kukokotwa lililoliwa na kutu, kulikuwa na kitu kirefu kilichochongoka mbele, na kuku wanne walikuwa wameatamia ndani yake. Nilidhani ni hori la ng'ombe.

"Hori gani lina pua?" mlinzi akanicheka. "Hiyo ni mashua, mama. Mwenye shamba wa zamani aliileta hapa, mwenyewe akaenda zake kwao akaiacha. Sasa wanataka banda liwe la kutengenezea jibini. Nimeambiwa niipasue kuni."

"Usiipasue," nikasema. "Nipe mimi."

"Utaifanyia nini?"

"Nitatoa vitanda vya watoto."

Ndivyo nilivyofikiri kweli. Mume wangu alikuwa fundi seremala, na mbao zilikuwa zimeadimika. Kiwanda cha mbao cha serikali alichofanyia kazi tangu ujana wake kilikuwa kimefungwa, mashine zikafunikwa maturubai, wafanyakazi wakaambiwa warudi nyumbani wasubiri. Yeye alisubiri. Asubuhi alikuwa akikaa kwenye benchi nje ya nyumba, mikono magotini, akitazama barabara. Alikuwa mpole kama siku zote, ila maneno yalikuwa yamemwishia. Ukimwuliza kitu anajibu "ndiyo" au "sawa", basi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Madukani sabuni na sukari zilikuwa zimerudi, foleni zimekwisha, na siku ya soko marobota ya mitumba yalifunguliwa chini pale, watu wakayainamia kama wanaochuma maharage. Mimi ni fundi cherehani. Nani angenishonea gauni jipya wakati gauni la Ulaya liko chini pale kwa bei ya kitambaa chake tu? Nilibaki na sare za shule, mapazia, na kupunguza suruali za mitumba zilizoshonwa kwa ajili ya watu wanene kuliko sisi.

Basi mashua ikaja kwetu Lushoto juu ya mkokoteni, wanaume watatu wakisukuma na watoto wakifuata kwa kelele. Mlinzi alinipa na vikorokoro vilivyokuwa pamoja nayo: kamba iliyooza, pete mbili za shaba, na bamba zito la chuma lenye umbo la ubawa. Lile bamba nililiona linafaa. Nikaliweka jikoni chini ya jiko la mkaa, lizuie majivu yasiunguze sakafu.

Mume wangu akachukua msumeno. Akaizunguka mashua mara moja. Akaizunguka tena, akainama, akapitisha kiganja ubavuni mwake, kisha akauweka msumeno chini.

"Hii siwezi kuikata," akasema.

"Kwa nini?"

"Hebu lete mkono wako." Akaushika mkono wangu akaupitisha kwenye mbao. Zilikuwa nyembamba, zimelaliana kama vigae vya paa, na kila moja ilikuwa imepindwa taratibu ikafuata mwenzake mpaka puani. "Mimi nimechana mbao maisha yangu yote. Kupinda ubao namna hii sijui. Acha kwanza niielewe."

Nilihesabu moyoni: yalikuwa maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Habari ya vitanda nikaiacha hapo hapo.

Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa ametoka ndani. Alikuwa mzaliwa wa Pangani. Baba mkwe, Mshambaa aliyekuwa akifanya biashara ya kupeleka viazi pwani, ndiye aliyemwoa akampandisha milimani, na tangu awe mjane alikuwa akiishi nasi. Kishambaa alikijua chote ila alikataa kukisema. Alisema kinamkwaruza koo. Akaisogelea mashua, akaipiga kofi mbavuni kama unavyompiga ng'ombe unayemjua.

"Salaale! Nani kanipandishia chombo mlimani?"

Tangu siku hiyo akawa mkubwa wa kazi. Kigoda chake kiliwekwa karibu na mashua, naye akakaa hapo na kanga yake mabegani akitoa amri. Hii ya mbele ndiyo omo. Hii ya nyuma ndiyo tezi. Hapa husimama mlingoti. Mume wangu, ambaye hakuwahi kuona bahari ila mara mbili, alimsikiliza kwa adabu zote. "Ndiyo, mama." Nami nikaamini kwamba mwanamke huyu amevuka bahari na kurudi.

Mbao mbili za chini, pale kuku walipokuwa wakilala, zilikuwa zimeoza. Kidole kilizama ndani. Ubao mzuri wa kuziba ungekuwa wa mkulo, ule mti wetu wenye harufu ya kafuri ambao maji hauyaogopi. Lakini kuukata mkulo msituni kulikuwa kumekatazwa, na mume wangu hakuwa mtu wa kwenda msituni kwa kuvizia. Siku kadhaa nilimwona akiingia chumbani, anasimama, anatoka. Mwishowe nikamfuata. Alikuwa anazitazama mbao za kitanda chetu. Kitanda kile alikichonga mwenyewe kabla ya harusi yetu, kwa mkulo mtupu, na wazee wangu walipokiona ndipo waliponyamaza kuuliza kama ana uwezo wa kuoa.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia. "Kata."

"Utalala wapi?"

"Mtakatifu gani aliyelala kitandani? Kata, baba watoto."

Akacheka. Tukalala mkekani mpaka masika yakapita, na chumba kizima kikanukia kafuri kwa sababu ya yale maranda. Sijui kama niliwahi kulala vizuri namna ile.

Kupinda ubao alijifunza kwa kuuharibu. Wa kwanza ulipasuka, wa pili ukapasuka. Wa tatu aliuweka juu ya sufuria kubwa la pilau la msikitini, aliloliazima, maji yakachemka chini yake na magunia mabichi yakaufunika juu, hata ukalegea kama muwa uliobabuliwa. Tukaukimbiza pamoja, mimi upande huu, yeye upande ule, mikono tumeifunga matambara, tukaukandamiza mahali pake kabla haujapoa. Ulikaa. Alirudi nyuma, akaufuta uso, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeletewa habari njema ya mgonjwa.

Misumari alitumia ya waya wa shaba, akiupitisha na kuukunja kwa nyundo. Nyufa alizikalafati, yaani alizijaza pamba iliyochovywa kwenye mafuta na nta, akiishindilia kwa patasi butu. Mimi ndiye niliyesokota pamba. Katikati ya sakafu ya mashua kulikuwa na ufa mrefu ulionyooka, wenye kijisanduku chembamba juu yake kilicho wazi. Tuliutazama sana.

"Mashua yenye tundu chini," akasema. "Labda walikuwa wakimwaga maji hapa."

"Ziba," mama mkwe akaamuru. "Chombo hakina tundu."

Akaziba, akapigilia ubao, akapaka lami.

Siku ya kuijaribu tuliijaza maji hapo hapo uani, tuone yatatoka wapi. Yalitoka kila mahali. Ilivuja kama kung'uto la nazi. Majirani waliokuja kutazama waliuliza gharika inakuja lini ili nao wafungashe. Mume wangu alikaa kwenye benchi, nikaogopa kwamba atarudi kwenye ukimya wake. Lakini mvua za masika zikaanza usiku ule, zikaijaza mashua, ikavuja, zikaijaza tena, na baada ya muda mbao zilizokuwa kavu tangu sisi hatujaoana zikaanza kuvimba na kukumbatiana. Asubuhi moja tulikuta imejaa pomoni na ardhi chini yake ni kavu. Bata wa jirani walikuwa ndani wanaogelea. Mvua ilitusaidia kuliko fundi yeyote, na sikuona wa kumshukuru isipokuwa Mwenye mvua.

Tanga lilikuwa kazi yangu. Nilikwenda sokoni siku ya mnada na katika robota moja la mitumba nikaliona hema la Kizungu, limechanika mlango lakini kitambaa chake kizito, kimefumwa vizuri. Mwenye robota hakujua alifanyie nini. Tukakubaliana nimpunguzie suruali zake, naye anipe hema. Nilizipunguza hadi macho yakaniuma. Wakati nikizipunguza niliwaza kwamba hii mitumba niliyoilaani kila siku ya soko leo inanipa kitambaa ambacho duka lolote la Lushoto lisingekuwa nacho. Tangu hapo niliilaani kidogo tu.

Mama mkwe alilijua tanga la aina moja tu, lile la pembe tatu linaloning'inia kwenye mti wa mshazari uitwao foromali. Akalichora chini kwa kijiti. Nikalitandaza hema uani, nikalikata, nikalishona kwa mshono wa kulalia, mistari miwili miwili. Sindano zilivunjika, nikatia nyingine. Cherehani ilinguruma kama gari linalopanda mlima kutoka Mombo. Mlingoti tulipewa na jirani yetu Mlutheri, msonobari mwembamba kutoka shamba lake. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuuliza habari za gharika.

Sasa, mashua iko tayari, na Lushoto ni milima. Chini kabisa, tambarare upande wa Mkomazi, kulikuwa na bwawa kubwa ambako watu walivua perege kwa mitumbwi. Kila siku magari ya kabichi yalishuka kutoka kwetu. Dereva mmoja, mtu wa makamo mwenye ndugu wavuvi pale bwawani, alikubali kutubeba.

"Lakini itapanda juu ya kabichi," akasema, "na nyie mtaishikilia. Ikiniangushia kabichi hata moja, naishusha kwenye kona."

Watoto niliwaacha kwa dada yangu. Tukashuka zile kona, mashua juu ya kabichi, mume wangu na mimi tumeikumbatia huku na huku, mama mkwe amekaa mbele na dereva kama bi harusi. Watu wa Soni walisimama kutazama. Mtu mmoja barabarani alipaza sauti, "Mnaenda wapi nayo?" Mume wangu akajibu kwa sauti kubwa ambayo sikuwahi kuisikia, "Tunaipeleka nyumbani kwake!"

Tulifikia kwa ndugu wa dereva, mvuvi na mkewe, watu wakarimu waliotutandikia chumba chao wenyewe. Kesho yake tukaitia mashua majini. Ilielea. Nusu ya kijiji ilikuwa ufukoni, na ilipoelea watu walipiga makofi. Mume wangu akapanda, akafunga mpira wa ndani wa tairi la lori kiunoni kwa kuwa hakujua kuogelea, akalikunjua tanga langu. Upepo wa mchana ukalijaza. Nikaiona mishono yangu imevimba, na hakuna hata mmoja uliofumuka.

Halafu mashua ikaanza kwenda ubavu. Pua inatazama huku, yenyewe inaelekea kule. Akauvuta usukani hivi, akauvuta vile, wapi. Mama mkwe ufukoni alishika kichwa.

"Inatembea kama kaa! Haina mkuku! Chombo chetu kina mkuku mrefu chini, unakamata maji. Hii chini ni laini kama sahani!"

Ikaenda kikaa namna ile ile mpaka ikaingia kwenye matete, na wavuvi wakaenda kumtoa kwa mtumbwi. Hawakumcheka sana. Yeye alirudi amelowa, akakaa kwenye mchanga na kuitazama mashua, ambayo wavuvi walikuwa wameivuta nchi kavu na kuipindua. Nikakaa karibu naye. Akasema taratibu, "Ule ufa tulioziba."

"Una nini?"

"Haukuwa wa kutoa maji. Kuna kitu kilikuwa kinapita pale kushuka chini. Kitu chembamba, kizito."

Tukatazamana. Nadhani tuliliona jiko langu la mkaa kwa wakati mmoja.

"Mungu wangu," nikasema, na tukacheka mpaka mke wa mvuvi akatoka kuuliza kuna nini.

Nikapanda Lushoto kwa basi, nikalala kwa dada, kesho yake nikashuka na lile bamba la chuma limefungwa kwenye kanga, na kondakta akinigombeza kwamba nabeba mlango wa benki. Mume wangu alikuwa ameshautoa ubao aliopigilia, ameukwangua ufa ukawa safi. Tukaliteremsha bamba kwenye kijisanduku. Likashuka, likakaa sawasawa, likaning'inia chini ya mashua kama pezi la samaki.

Safari hiyo ilikwenda. Aliposhika usukani ikafuata. Alifika katikati, akageuka, akarudi, na uso wake nilipouona ulikuwa ni uso wa yule kijana aliyeleta kitanda kwa wazee wangu.

"Pandeni," akasema.

Mimi nikapanda. Mama mkwe akakunja kanga na kuingia majini na yeye.

"Mama, hujui kuogelea," mwanawe akamwambia.

"Na wewe unajua? Nipe hilo tairi."

Tukamvika tairi. Tukatoka watatu. Nilikuwa nimezoea vyombo vyenye kelele: cherehani, basi, mashine ya kusaga. Sikujua kwamba kitu kinaweza kukubeba kwa kasi namna ile na usisikie ila maji yakilamba mbao. Mbele yetu milima yetu ilisimama kama ukuta wa buluu, na mawingu yamekaa juu yake, na nilishangaa kwamba ndani ya mawingu yale kuna jiko langu na nguo nilizoanika.

Mama mkwe alikuwa kimya, yeye aliyekuwa na amri kwa kila jambo. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Nikamwuliza, "Ni kama ya Pangani, mama?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui vipi?"

"Sijawahi kupanda." Hakugeuka kunitazama. "Wanaume ndio waliokuwa wakipanda. Sisi tulikaa ufukoni tukitazama. Nilitazama utoto wangu wote, nikayajua majina yote. Hakuna aliyewahi kuniambia, panda."

Mume wangu alimsikia. Alisogea, akamkamatisha mama yake ile kamba ya kuvutia tanga. Mama akaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Na ilikuwa heri, kwa sababu dakika chache baadaye upepo uliteremka ghafla kutoka kwenye korongo la mlima, mashua ikalala ubavu, maji yakaingia miguuni mwetu, nami nikapiga kelele. Kabla mwanawe hajafungua kinywa, bibi yule aliiachia demani, ndivyo alivyoiita ile kamba, tanga likapigapiga bure hewani na mashua ikasimama wima tena.

"Hilo niliwaona wakifanya," akasema, anahema. "Tena nipe nyingine kama hiyo."

Tuliporudi ufukoni yule mvuvi mwenyeji wetu alikuwa akitusubiri. Hakuitazama mashua kwa juu. Aliinama akazitazama zile mbao mbili za kitanda chetu, jinsi zilivyopinda. Miti mikubwa ya kuchonga mitumbwi ilikuwa imekwisha, akasema, na iliyobaki haikatwi.

"Fundi, unaweza kunitengenezea kama hii? Pana kidogo. Na hilo shuka lenu la kukamata upepo sina haja nalo."

"Naweza," mume wangu akajibu. Halafu, kwa kuwa ni mkweli, akaongeza, "Mbao mbili za kwanza zitapasuka."

Akabaki bwawani mwezi ule. Mimi nikapanda na mama kwenye gari tupu la kabichi. Aliporudi alikuwa amekonda na kuungua na jua, na alizungumza muda wote wa chakula: habari za mbao za msonobari, za misumari, za mvuvi mwingine wa kijiji cha pili. Kiwanda hakikufunguliwa tena, na yeye hakuulizia tena. Mashua zake za mbao ziliwasomesha watoto wetu. Nilipata hata magodoro, na chini ya magodoro vitanda, vya msonobari, ambavyo havinukii chochote.

Ile mashua yetu tuliwaachia wenyeji wetu kwa ukarimu wao. Miaka ilipopita waliung'oa mlingoti wakafunga injini ndogo nyuma, na lile bamba wakalitoa kwa sababu lilikamata nyavu. Walituomba radhi. Mume wangu aliwaambia hakuna radhi ya kuomba, chombo ni cha anayekitumia, na akawaonyesha mahali pa kuimarisha tezi ili ibebe injini. Nilimpenda sana siku hiyo.

Mama mkwe aliishi nasi misimu kadhaa zaidi. Magoti yalipomzuia kutoka, watu walikuja kumwamkia chumbani. Shikamoo zao alizipokea haraka haraka, akawaambia wakae, kisha akaanza kuwasimulia siku alipoongoza chombo. Kila mgeni aliongezewa upepo kidogo. Tairi halikuwemo. Mimi nilikuwa nikishona chumba cha pili, mlango wazi, nikiondoa mguu kwenye cherehani ili nisikie vizuri. Bwawa nalo lilikuwa likipanuka, na katika simulizi ya mwisho niliyoisikia, aliyompa muuguzi aliyekuja kumchoma sindano, halikuwa na ng'ambo kabisa.

"Ilikuwa mbali hivyo, bibi?" yule binti akauliza.

"Mwulize mkwe wangu," akasema. "Alikuwepo."

Nikajibu kutoka chumba cha pili kwamba ni kweli, ilikuwa mbali sana.